Sabini na Moja

Nyabuto, kabla hujaazima tepu yangu
ungenawa mikono.

Nashona sare za shule hapa Kariobangi,
ukuta mmoja na karakana yako.
Ukianza kuchomelea, taa ya cherehani hufifia
na kola za watoto wa watu zinakwenda upogo.
Nimezoea. Nasubiri cheche zitulie,
nafumua, naanza upya.

Gari lako nililijua likiwa mifupa:
paipu za mraba ulizonunua kwa kilo Gikomba,
kisha bodi ya faiba, ambayo wanaume wanne
waliinyanyua kama sinia la harusi.
Kilo mia tano na themanini, ulijisifu,
pamoja na mafuta na kiburi chako.
Injini ya elfu na mia tatu ililitosha.
Ilikohoa asubuhi, ndiyo, lakini ililitosha
kama gauni la mshonaji mwenye subira.

Ukaenda Barabara ya Kirinyaga kutafuta plagi
ukarudi na injini ya elfu tatu
imelala kwenye mkokoteni chini ya gunia.
"Silinda sita," ulininong'oneza,
kama mtu anayetaja mahari aliyopunguziwa.

Kaka, kitambaa kikubwa hupunguzwa kikamkaa yeyote;
kitambaa kidogo hakina cha kukopesha.
Nilikwambia. Ukasema chuma si kitambaa.
Basi tepu yangu unaitakia nini?

Ulipima injini: sentimita sabini na moja.
Ulipima nafasi: hamsini na nane.
Ukapima tena, kana kwamba namba zingeona haya.

Ndipo nikakukatia ruwaza
kwa boksi la unga, chaki, na mkasi wangu mbovu
(ule mzuri haugusi boksi, hata kwa ndugu).
Kichwa, tumbo, giaboksi.
Usiku kucha tukalivisha gari injini ya karatasi,
wewe umeng'ata tochi.
Ikija mbele, pua inazama, springi zinapiga magoti,
usukani mzito kama jora lililolowa.
Ikiinuka, boneti haifungi.
Irudi nyuma. Irudi nyuma zaidi.
Mpaka ikafika penye miguu ya abiria.

Ukanyamaza.
Kiti kile uliniahidi tangu mifupa.
Nilikishona mwenyewe, ngozi bandia nyekundu,
mishono miwili sambamba,
kipimo mgongo wangu.

"Kata," nilisema.
Sikusema kwa wema. Ruwaza ilikuwa imelala vizuri,
na fundi huona hilo kabla hajaona haki yake.

Jumapili alfajiri, askari wa trafiki hawajamaliza chai,
ulitoka. Nililisikia likishika Barabara ya Kangundo
kwa sauti nene, bila kikohozi,
kama mtu anayepasua jora zima kwa mkono mmoja.
Nilisimama mlangoni na pini mdomoni, nikacheka.
Kisha tuta.
Ulipima urefu, ukapima upana.
Chini hukupima.

Nilikuja kwa miguu nikifuata mstari wa oili
kama alama ya chaki kwenye lami.
Sampu imepasuka. Umeketi ukingoni mwa mtaro,
unacheka au unalia, uso ulikuwa mweusi mno kujua.
Tukasukuma, mimi na wewe, hakuna wa tatu.
"Bado jepesi," ulisema, unahema. "Sikia. Bado jepesi."

Tepu ulinirudishia Jumatatu.
Uliifuta kwa petroli, namba nyingine zimefifia,
doa limebaki palepale.
Leo Mama Kwamboka amekuja kupimwa sketi ya kanisa.
Nazungusha tepu kiunoni, anavuta pumzi.
Achia, mama, namwambia. Achia yote.
Simpimi mtu akiwa amejibana.
Anaachia.
Tepu inafika sabini na moja, inapita juu ya doa,
inaendelea.